Mkanda Uliorudi Unanukia Lavenda

Mbwa alifia mtaa wa Umbilo, kando ya taa za kuongozea magari, saa mbili asubuhi, na watu walimruka wakaenda zao kazini. Hilo tu lilitosha kumpandisha Inspekta Nkatha hasira kabla hajajua lolote. Mwenye mbwa alikuwa amepiga magoti, mkono juu ya mbavu za mnyama, akimwomba kila aliyepita amwite daktari. Hakuna aliyesimama.

Aliitwa Respicius, Mtanzania, kipofu tangu utotoni. Mbwa huyo, Kahawa, ndiye aliyemwongoza kila siku hadi hospitalini alikofanya kazi ya kupokea simu.

"Tulikuwa tunangoja robot, zile taa, ituruhusu kuvuka," alieleza jioni, nyumbani kwake. "Akaanza kutetemeka, mate yakamtoka, akaanguka. Dada Inspekta, shirika lililonipa Kahawa limeshanipigia. Wanasema huenda nimemwachia ale sumu ya panya humu ndani. Wakiamini hivyo sipati mbwa mwingine. Kazini nitafika vipi?"

"Una sumu ya panya?"

"Sina panya, sina sumu."

Nkatha alipekua kabati zote. Hakuona kitu.

Kituoni walimcheka. Sajenti mmoja alibweka alipopita mezani pake. Nkatha akamwambia twende ukabweke mbele ya mkuu wa kituo, naye akafyata.

Kesho yake daktari wa mifugo, Inès, mama wa Kikongo asiyependa maneno mengi, alimpa matokeo ya uchunguzi wa mzoga.

"Tumboni hakuna kitu. Iko sumu kwa ulimi, na kwa manyoya ya kifua. Ni ile dawa ya kuogesha ng'ombe, ya kuua kupe. Hawakutia hata maji."

"Kifuani alivaa nini?"

"Mkanda wake wa kazi. Alikuwa anaulamba."

Nkatha alirudi mbio kwa Respicius, akamwomba afungue viganja. Vilikuwa vimetoka malengelenge, pale pale anaposhikia mpini wa mkanda.

"Mkanda huu ulikuwa wapi wiki iliyopita?"

"Kufuliwa. Ulirudi siku moja kabla hajafa. Unautuma kwa posta, unarudi safi, unanukia lavenda. Nilichagua kampuni ya kwanza kwenye orodha ya Valerie. Simu yangu hunisomea."

Valerie alikuwa mwanafunzi Mkenya aliyelinganisha kampuni tatu zinazofua vifaa vya mbwa kwa posta: mikanda, matandiko, hata midoli ya kutafuna. Kila mwezi aliandika mtandaoni nani amemshinda nani. Kampuni mbili zilichukua siku sita. Ile ya Travis, kule Mobeni, ilichukua mbili.

"Nilitest kila kitu, madam," Valerie alisema, machozi yakimlenga. "Yangu ilirudi safi kabisa. Niliipima hata kwa hadubini ya chuo."

"Ulituma kwa jina lako?"

"Ndiyo. Watu wananijua kwa hilo jina."

Nkatha aliweka kalamu chini. Travis naye alilijua.

Nkatha alinunua mikanda miwili inayofanana, akaisugua kwenye tope moja. Mmoja ulikwenda Mobeni kwa jina la Valerie. Wa pili ulikwenda kwa jina la Atuganile, jirani yake wa Sydenham ambaye mtandaoni hajulikani na mtu. Baada ya siku mbili yote ilirudi, yote ikinukia lavenda. Maabara ilikuta sabuni tu kwenye mkanda wa Valerie. Kwenye ule wa Atuganile tope lilikuwa lingali ndani ya mishono, na dawa ya ng'ombe imekolea.

Adhuhuri polisi walivamia bohari ya Travis. Ndani kulikuwa na mashine moja ya kufulia, ndogo kama ya nyumbani, na dumu lenye picha ya ng'ombe. Nkatha alizuia vifurushi vyote vilivyokuwa tayari kupelekwa kwa wenyewe.

"Dawa hii ni ya nini?" aliuliza, wakiwa chumba cha mahojiano.

"Viroboto. Mteja akiona kiroboto mmoja, umekwisha."

"Mkanda wa Valerie hukuupulizia."

"Ule niliufua."

"Kwa nini ule ukafuliwa?"

"Eish, Inspekta." Travis alijifuta jasho. "Mashine ni moja na Valerie anahesabu siku. Nikifua vyote nachukua wiki nzima. Mwaka jana nilikuwa wa mwisho kwenye orodha yake. Watu walinicheka, mpaka kanisani. Nikasema sitakuwa wa mwisho tena."

"Dumu limeandikwa changanya na maji, isiguse ngozi. Ulisoma?"

"Nilivaa glavu."

Nkatha aliitazama mikono ya Travis. Glavu! Mikono yake mwenyewe aliihurumia.

"Fomu ya Respicius inasema mteja ni kipofu, apigiwe simu mzigo ukifika. Hiyo nayo uliisoma?"

"Niliisoma."

"Halafu?"

Travis alitazama meza. "Ya wengine napiga brashi kwanza, tope lisionekane. Wake sikupiga hata brashi. Nilijua hawezi kuona."

Nkatha aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, akamsomea, akamsukumia kalamu atie sahihi. Kisha akamfunga pingu mwenyewe, na hakuzilegeza.

Nakala ya maelezo aliituma kwa shirika siku hiyo hiyo. Alipofika Umbilo, Respicius alikuwa ameshapata simu yao: wamemwomba radhi, na mbwa mwingine atapatikana baada ya miezi mitatu.

"Basi hukuwa wewe," Nkatha alimwambia. "Sasa wanajua wote."

Respicius alipapasa pale Kahawa alipokuwa akilala.

"Asubuhi ile hakutaka kuvaa mkanda," alisema. "Alirudi nyuma mara mbili. Nilikuwa nachelewa kazini. Nikamkemea, Dada Inspekta, na sijawahi kumkemea. Ndipo akaja, akaingiza kichwa mwenyewe."