Mkwe wa Zimamoto

"Chagua leo hii: mimi au hiyo kofia ya zimamoto!"

Kinyozi akakata simu kabla mchumba wake hajasema neno. Roho ilimuuma, maana harusi ilikuwa Jumamosi, lakini mama yake alikuwa ameshikilia kuwa mwanamke anayelala kituo cha zimamoto hafai kuolewa.

Simu ikatetema, ujumbe wa mchumba: "Nitakujibu zamu ikiisha."

"Kinyozi, unaunguza nini?" mteja aliuliza akinusanusa.

"Mimi? Hata pasi ya nywele sijawasha."

Akachungulia nje. Moshi ulikuwa unafuka dirishani juu ya duka lake, kwa mama yake. Akapanda ngazi mbio, akasukuma mlango, akamezwa na giza la moshi. Majirani wakamvuta kwa shati, huku mmoja akipiga simu ya dharura.

Gari jekundu lilipofika, wa kwanza kushuka alikuwa mchumba wake. Kwa lile koti na mtungi wa hewa mgongoni, almanusura asimtambue.

"Mama yumo ndani!"

"Chumba gani?"

"Cha mwisho, kushoto. Mpenzi, ile simu yangu..."

"Mlango wa kuingilia nani kauacha wazi?"

"Mimi."

"Unaulisha moto hewa. Kaa hapa."

Hakukuwa na hasira wala mahaba katika sauti ile. Alivaa kinyago cha hewa, akapanda ngazi na mwenzake, wakalala kifudifudi mlangoni, wakaingia wakitambaa, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

Kinyozi akashindwa kukaa, naye akapanda, akalala kwenye ngazi kuchungulia. Chini ya moshi palikuwa na upenyo wa kama shubiri, na humo aliona buti zikizidi kwenda ndani. Miguu ile aliizoea kwenye ndala. Kila mwenye akili hukimbia moto, na huyu anaufuata, tena kwa ajili ya mtu anayemkataa! Akaona aibu, akaona na ukubwa wa mwanamke aliyempata.

Ukasikika mlango ukigongwa.

"Nani?" mama yake aliuliza akikohoa.

"Zimamoto, mama. Fungua!"

"Zimamoto yupi?"

"Yule yule usiyemtaka."

Kitasa kikalia.

Walitoka wamemkumbatia mama katikati, kavalishwa kinyago cha akiba. Moto wenyewe, wa sufuria ya mafuta aliyoisahau jikoni, wenzao waliuzima muda si mrefu. Mama akaketishwa kando ya barabara, akapewa oksijeni.

"Nilimwambia aniache, nimeshazeeka," alimsimulia mwanawe, machozi yakimtoka. "Akaniambia, 'Mama, ugomvi wetu tutaumalizia nje.'"

Mchumba akavua kofia. Uso ulikuwa umeloa jasho.

"Ulitaka jibu," alimwambia kinyozi. "Ukinilazimisha kuchagua, nachagua kofia."

Kinyozi akaipangusa ile kofia masizi.

"Hata ningekuwa mimi, ningechagua hiyo," alisema. "Nisamehe. Sikulazimishi tena, na hakuna atakayekulazimisha."

"Na Jumamosi king'ora kikilia?"

"Nitakushikia shela mpaka urudi."

Mchumba akacheka, kisha akalia, akamwegemea begani na koti lake lote lenye masizi.

Mama akashusha kinyago cha oksijeni.

"Shela ya mkwe wangu nitaishika mimi," alisema. "Wewe nenda ukawasaidie wenzake kukunja ile mipira ya maji."

Kinyozi akaenda, akainama, akaanza kukunja.