Hansadi ya Kikao cha Utani

Saa nane mchana, saluni ya Siwazuri Pazi yenye viti vinne ilijaa wabunge sitini na tatu, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Kazi hiyo ilifanywa na mpimasauti, kisahani cha rangi ya shaba kilichobandikwa darini kati ya feni na bango la mitindo ya nywele. Kilimchukua mtu popote alipo, awe jikoni au juu ya pikipiki, kikamleta mle ndani akiwa kivulinuru: umbo la mwanga lenye sura yake, sauti yake, hata shati alilosahau kulipiga pasi. Kura ikipigwa, hakuna aliyenyoosha mkono. Kisahani kilisikiliza sauti zote kwa mpigo, kikajua nani kasema "Ndiyo" na nani "Siyo", kikatangaza.

Wote walikuwa wakazi wa Mtaa wa Mikwaju, jijini Mzinga Mpya. Na wote walikuwa raia wa Jamhuri ya Karangamoto, nchi isiyokuwepo popote ila kwenye mchezo wa mataifa wa mtandaoni. Ilikuwa na wimbo wa taifa, jeshi la wanamaji lisilo na bahari, na Bunge. Siwazuri, msusi mwenye mdomo mpana na sikio pana zaidi, alikuwa Spika kwa mwaka wa kumi na tano. Ukitaka kujua nani kaachika mtaani, usimuulize jirani. Subiri maswali ya papo kwa papo.

Katibu wa Bunge alikuwa Mihayo Kasanda, fundi mitambo. Yeye Mnyamwezi, Siwazuri Mzaramo; watani, basi, tangu mababu wa Mihayo walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani. Mihayo angeingia saluni, akamnyang'anya Siwazuri chapati mkononi, akaila mbele yake, na mwenye chapati hana la kufanya ila kumtukania ukoo mzima.

Ndiyo maana kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi kulikuwa na kikao cha utani. Spika aligeuza kanga yake ndani nje, na kuanzia hapo kila hoja ya kipuuzi ilipita. Mtani hakataliwi. Ukisema "Siyo" umeonyesha umeumia, na aliyeumia kashindwa.

Alhamisi hiyo Mihayo alisimama, akakohoa kama waziri.

"Mheshimiwa Spika, kwa kuwa Wazaramo wa Mikwaju wanapenda ngoma kuliko jembe, na kwa kuwa Mnyamwezi hapati usingizi, naomba kutoa hoja: mtaa mzima uvunjwe, wakazi wahamishiwe Nyika ya Juu, porini huko, wakajifunze kulima!"

"Na wewe atakulisha nani, mpagazi wee?" Siwazuri alimrukia. "Si utakufa njaa kabla ya Jumanne?"

Bi Tatu Mwinyigogo, aliyekuwa saluni yeye mwenyewe, si kivulinuru, kichwa kikiwa kwenye drayari, alicheka mpaka rola zikamdondoka.

"Wanaoafiki?" Spika aliuliza.

"Ndiyoooo!"

"Ndiyo sitini na tatu," kilisema kisahani. "Siyo, hakuna. Hoja imepita."

Mihayo akaleta hansadi, kumbukumbu ya kikao, kwenye kishikwambi ili Spika aidhinishe. Siwazuri alikuwa na mafuta mikononi. Akajifuta dole gumba, akaligandamiza, akarudi kwenye kichwa cha mteja. Hakusoma. Hakuwahi kusoma hansadi yoyote. Kupekua maandishi ya mtani ni kumwambia humwamini.

Jumanne asubuhi, vipimaji vidogo vinavyoruka vilianza kuchora mistari ya rangi ya chungwa kwenye kuta za nyumba. Bi Tatu akaingia saluni mbio, barua mkononi.

"Siwazuri, tumefanya nini sisi? Jiji linatupongeza! Eti tumeridhia kuhama, kwa kauli moja!"

Siwazuri akaisoma barua mara mbili, kisha akafungua kumbukumbu za Bunge. Miezi sita nyuma, Mihayo aliwaletea mpimasauti bure, kwa sharti kwamba Bunge liandikishwe jijini kama jukwaa la maoni ya wakazi. Nani angekataa? Lakini mashine haioni kanga iliyogeuzwa. Ili ijue kikao ni cha mzaha, Katibu alipaswa kuweka alama ya utani. Kikao cha kwanza, alama ipo. Cha pili ipo. Cha tatu, cha nne, cha tano. Cha sita, patupu.

Na hoja yenyewe! Mashine ilikuwa imekamua vicheko vyote kama tui, ikabakiza machicha: *Mtaa uvunjwe. Wakazi wahamishiwe Nyika ya Juu.* Chini yake, dole gumba la Spika.

Marekebisho yaliruhusiwa ndani ya siku saba, na mwenye ruhusa ni Katibu peke yake. Kwa siku mbili Mihayo hakupokea simu. Alhamisi, siku ya mwisho, Siwazuri aliitisha kikao, naye akaja kwa miguu yake, shati jipya, beji ya Jiji kifuani: Mratibu wa Ridhaa.

"Watani, mbona mmenuna kama mmefiwa?"

"Ulisahau alama?" Siwazuri aliuliza. Alikuwa akiomba aseme ndiyo.

Mihayo alijitazama kwenye kioo cha wateja, akarekebisha kola.

"Sikusahau. Jiji lingewahamisha tu, mwaka huu au mwakani. Angalau sasa mmoja wetu yuko ndani."

"Wetu nani?" Bi Tatu alidakia.

"Iweke sasa, Mihayo," alisema Siwazuri. "Mpaka saa kumi nafasi ipo. Mama yangu alisukia watu hapa. Na mimi hapa hapa."

"Nikiiweka, kazi sina." Akatabasamu lile tabasamu la kunyang'anyia chapati. "Halafu ulicheka mwenyewe, Siwazuri. Mtani hakasiriki."

"Kweli," Siwazuri alisema. "Hakasiriki."

Akaenda nyuma, akarudi na birika na beseni. Akammiminia maji ya kunawa. Akamwekea chapati kwenye sahani safi, na kikombe cha chai juu ya kisosi.

"Karibu, Bwana Kasanda."

Mihayo akaitazama sahani. Kwa miaka kumi na tano hakuwahi kupewa sahani mle ndani.

"Chai gani hii?" alijaribu, akigeukia ukumbi. "Mzaramo kaenda kuchota maji ya kuoshea ngoma!"

Hakuna aliyecheka. Macho ya wale sitini na wawili yalimtazama bila kupepesa.

"Samahani, bwana. Nikuongezee sukari?"

"Siwazuri." Sauti ilimshuka. "Nitukane basi."

"Siwezi kumtukana mgeni."

Mihayo alikaa hapo, mikono ikimchuruzika maji, asiguse chapati. Saa ya ukutani ikagota kumi. Kisahani cha darini kikawasha taa yake ndogo ya kijani.

"Muda wa marekebisho umekwisha," kilisema. "Hakuna utani uliotambuliwa."