Uyoga Uliokatwa kwa Kisu

Majirani walimkuta Mzee Athumani kifudifudi mlangoni pa choo, kanzu imeroa matapishi, na wote wakaamini ameshakufa. Inspekta Gaudensi alipofika pale mtaa wa Ufukoni na kumgusa shingo, mshipa ulikuwa ukipiga kwa mbali. Alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akamkimbiza hospitalini kwa gari la polisi.

"Alikula nini?" alimuuliza Bi Nasra, mke wa mzee.

"Uyoga, jana mchana. Mimi nilikuwa nimefunga, sikuugusa."

"Ulinunua kwa nani?"

"Kwa Rukia, sokoni Chikongola."

Habari zilifika sokoni kabla ya polisi. Inspekta alimkuta Rukia kazingirwa, meza yake imepinduliwa, watu wameshika mawe. Alimtia pingu akamwondoa haraka. Mama wa watu alilia njia nzima. Uyoga ndio uliomsomeshea watoto, na leo anaitwa muuaji.

Gaudensi hakuwa mtu wa kukimbilia kufunga jalada. Alichukua sufuria ya Bi Nasra, kikapu cha Rukia, na vishina vilivyotupwa jalalani nyuma ya jiko, akavipeleka kwa Dokta Agnes, mtaalamu wa kuvu aliyekuja Mtwara mwaka ule wa 2007 kuchunguza uyoga wa misitu ya Ruvuma.

Dokta Agnes alilaza kofia ya uyoga wa Rukia juu ya karatasi. Kesho yake karatasi ilikuwa na unga wa mbegu za uyoga, wa rangi ya waridi.

"Huu ni uyoga wa kichuguu," alisema. "Salama kabisa, na mzizi wake mrefu huu hapa. Lakini jalalani kuna shina la aina ya pili. Nene, lina pete, na limekatwa kwa kisu."

"Ni la sumu?"

"Kitako ndicho kingetuambia. Wengi wenye sumu kali huota kutoka kwenye kifuko, na hicho kimebaki ardhini. Uliopikwa siwezi kuutambua kwa macho. Natuma vipande Dar es Salaam wapime vinasaba."

Inspekta akarudi mahabusu. "Mama Rukia, wewe hukata uyoga kwa kisu?"

"Kukata? Sisi huku tunang'oa na mzizi wake, baba. Mteja asipouona mzizi hanunui."

Basi akaanza kupita kwa majirani wa mzee, akiuliza swali ambalo walidhani ni la kipuuzi: uyoga unachumwaje? Wote walijibu kung'oa. Mwisho akabisha hodi kwa Josephu, karani wa bandarini aliyehamia kutoka Njombe. Nyumba yake na ya mzee zilikuwa pua na mdomo.

"Unakata kwa kisu, juu ya udongo," Josephu alisema. "Kwetu hatung'oi, ili mwakani uote tena."

Inspekta akafungua daftari lake. Hapo Josephu akang'amua alichokisema mwenyewe.

"Uliukata wapi, Josephu?"

Josephu aliketi sakafuni. "Njia ya Nanyamba, kwenye miombo. Afande, ni ule ule wa kwetu. Kofia ile ile, pete ile ile. Nimeula tangu utoto."

"Kwa nini umpelekee mzee?"

"Binti yangu alipofariki sikuwa na ndugu hapa. Mzee Athumani alishika jembe akamchimbia kaburi kama mjukuu wake. Tangu hapo nilikosa namna ya kumshukuru. Nilipouona ule uyoga nikasema, leo angalau. Wote nikampelekea yeye. Jikoni sikumkuta mtu, nikauchanganya na uliokuwa kwenye ungo, nikasema nitawaambia jioni."

"Na Rukia je? Ulijua yuko ndani."

"Niliogopa. Mimi mgeni. Nani angeamini kwamba nilikwenda kushukuru?"

Siku hiyo hiyo Josephu aliwaongoza Inspekta na mtaalamu wake porini. Dokta Agnes alichimba taratibu akatoa kitako. Kilikuwa ndani ya kifuko cheupe. Rukia akaachiwa jioni.

Majibu ya vinasaba yalipofika, uyoga wa pili wa sufuriani na ule wa porini ulikuwa kitu kimoja. Haukuwa ule wa Njombe. Wala haukulingana na aina yoyote inayojulikana. Ulikuwa mpya kabisa.

Lakini sokoni nani anajali vinasaba? Rukia alikaa na mafungu yake mpaka yakanyauka. Inspekta alinunua kwake, na bado watu walipita pembeni.

Kisha Mzee Athumani akatoka hospitali. Alikataa katakata kumshitaki Josephu. Alikuja Chikongola amekonda, amemwegemea Josephu begani, akaenda moja kwa moja hadi mezani kwa Rukia. Soko zima likatazama.

"Mwombe radhi kwanza," alimwambia Josephu.

Josephu akapiga magoti mbele za watu. "Nisamehe, mama. Nilikuacha uteseke kwa kosa langu."

Rukia akamshika mkono. "Inuka," alisema. "Nimekusamehe."

"Sasa nipe fungu kubwa, mwanangu," mzee alisema. "Leo mchana nakula uyoga na huyu jirani yangu."

Rukia alifunga fungu machozi yakimtoka, akasema asante, akarudia, akarudia tena, mpaka mzee akamkatiza kwa upole.

"Basi, mwanangu. Watu wanasubiri."

Na kweli, nyuma yake foleni ilikuwa imeshaanza.