Dizeli ya Kijani Katika Gari la Mwalimu

Asubuhi ile ya Juni, vilima vya Monaghan, kwetu Ireland, vilikuwa vimetulia. Mvua imekatika, nyasi zimekatwa, harufu yake imetanda mpaka barabarani. Fergal Treanor, kapera wa miaka hamsini na mbili, alikuwa amemaliza kukamua ng'ombe wake na moyo wake ulikuwa mweupe. Angebaki hivyo, kama asingegeuza macho na kuliona gari la Mwalimu Philomena uani kwake.

Mwalimu Philomena Sherry, aliyetufundisha kusoma nusu ya parokia hii, alikuwa amekwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa, na kuliacha gari lake kwa Fergal. Gari hilo dogo ndilo lililokuwa likimpeleka Mjomba Packie hospitalini mjini Cavan, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, akasafishwe damu kwa mashine, maana figo zake zilikwisha kufa. Packie ni mjomba wa Fergal, si wa Mwalimu. Lakini Fergal alikuwa na ng'ombe, na mwenye ng'ombe hakosi udhuru. Miaka miwili Mwalimu alimbeba mzee yule bila kupokea hata senti ya mafuta.

Fergal aliona haya. Akavuta mpira kutoka tangi lake la shamba, akalijaza gari la Mwalimu pomoni.

Ndugu zangu, hapa msijifanye wageni. Dizeli ile ilikuwa ya kijani, iliyotiwa rangi makusudi kwa kuwa kodi yake ni ndogo, halali kwa trekta, haramu barabarani. Pikapu ya Fergal ilikuwa ikiinywa mwaka wa tisa. Tulijua sote, nami nikiwemo, na tulimwita mjanja.

Mwalimu aliporudi akakuta mshale wa mafuta umesimama juu kabisa.

"Umenijazia, Fergal?"

"Zawadi tu, Mwalimu. Kwa ajili ya Mjomba."

Akamshukuru, akampa kichupa cha maji ya baraka kutoka Lourdes. Fergal alikiweka dirishani, akajiona mtu mwema.

Jumamosi iliyofuata, maofisa wa forodha walisimama kwenye njia panda karibu na mnada wa ng'ombe. Mwalimu alikuwa akimrudisha Packie nyumbani. Wakaingiza mrija tangini, ukatoka na kijani. Wakamuuliza nani ametia. Mwalimu alielewa papo hapo. Lakini kwetu, tangu enzi za babu zetu, mchongezi ni duni kuliko mwizi, na uchongezi wake hurithiwa na wajukuu. Akajibu kwamba gari ni lake. Wakalichukua, na mzee Packie akafikishwa nyumbani kwake na muuza kondoo aliyetoka mnadani.

Jioni dukani hapakuwa na habari nyingine. "Kumbe Mwalimu naye!" alisema mmoja. "Alitukaririsha amri kumi, kumbe ya saba, usiibe, aliiruka." Watu wakacheka. Fergal alikuwa kwenye foleni, mkate mkononi, na yeye akacheka.

Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu na trei ya mayai. Mwalimu hakuyapokea.

"Sikukutaja, wala sitakutaja," alimwambia. "Mimi si mchongezi. Lakini mtu akijitaja mwenyewe, Fergal, haitwi mchongezi."

Fergal akaahidi kwenda forodhani akishamaliza kuvuna majani ya ng'ombe. Mwalimu akataka kumtafutia Packie teksi. Fergal akakataa, akisema mjomba wake atampeleka mwenyewe.

Jumanne mashine ya kuvuna ilifika, na mashine ya kukodi haingoji mtu. Packie akabaki nyumbani. Alhamisi Fergal alikwenda kumchukua, akamkuta amevaa kofia, mkoba magotini. Njiani walipishana na jirani aliyewamulikia taa mara mbili, ishara yetu sote kwamba forodha wako mbele. Fergal akakanyaga breki.

"Mjomba, turudi. Nitakupeleka kesho."

"Kesho si zamu yangu, mwanangu. Miguu imevimba."

"Basi Jumamosi, alfajiri."

Mzee alimtazama, akaitazama ile pikapu, akaelewa. "Haya," alisema. "Hatutaki wakupimie mafuta."

Jumamosi Fergal alimkuta kitini, kofia kichwani, mkoba miguuni. Alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Kwenye msiba tulipanga mstari kumpa mfiwa mkono, kama desturi. Pole kwa msiba, Fergal. Pole kwa msiba. Kila mkono ulimchoma. Mwalimu alikuja kwa miguu, maili mbili, viatu vimejaa tope. Naye alisema pole kwa msiba, bila neno la ziada. Fergal akaung'ang'ania mkono wake.

"Dizeli ilikuwa yangu, Mwalimu," alisema, nasi tukisikia. "Niliitia mimi. Na Alhamisi nilimgeuza Mjomba njiani kwa kuogopa wataipima pikapu. Nimemuua."

Yule wa amri ya saba aliangalia sakafu. Mimi pia, maana taa zilizomulika Alhamisi zilikuwa zangu.

"Sasa kaseme kunakohusika," alisema Mwalimu.

Jumatatu Fergal aliiendesha pikapu yake mwenyewe mpaka forodhani. Waliichukua. Mwalimu akarudishiwa gari, tangi limesafishwa, ingawa fundi alisema rangi ile haitoki upesi.

Wiki ya pili Mwalimu alimkuta Fergal akitembea mvuani kuelekea misa. Akasimama, akafungua mlango. Fergal aliingia. Kiti kilikuwa bado kimelazwa nyuma, kama Packie alivyokipenda, na hakuthubutu kukinyanyua.

FUNZO

Wizi mdogo hauwi zawadi kwa kumpa mtu mwema. Unamchafua na yeye. Na sisi tunaojivunia kutochongea, tujiulize tunamficha nani, na nani analipa. Kumulikia taa jirani ni ujirani, nilidhani. Siku hizi nikiwaona forodha njiani, napita bila kummulikia mtu taa.