Pole ya Mikono Isiyotetemeka

Hebu niambie wewe unayesoma hapo, umeshawahi kupewa pole ya ugonjwa usio nao?

Mimi nimepewa. Tena mbele za watu, kwenye foleni ya zahanati, mjukuu mmoja mgongoni, mwingine kaning'inia kwenye gauni.

Muuguzi alitoka chumba cha sindano, akaniona, akasimama kama kaona mtu aliyezikwa juzi.

"Mama fundi! Jamani pole... pole sana na mikono."

"Mikono ipi?"

"Si hiyo yako. Kutetemeka."

Nikaitazama mikono yangu. Mmoja umeshika kadi ya mtoto, mwingine chupa ya maziwa. Imetulia tuli, kama imepigwa misumari.

"Nani kasema inatetemeka?"

Akacheka kidogo. Mnakijua kile kicheko cha kumhurumia mgonjwa anayekataa ugonjwa wake? Ndicho.

"Si wewe mwenyewe mama! Ulituandikia wote."

Weeeh!

Ngoja kwanza, wanangu, niwaeleze mimi ni nani, msije mkapotea njiani.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa thelathini na nane huu. Nashonea chumba cha mbele cha nyumba yangu, mlango unatazama barabara. Kuna cherehani ya miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa chini kushoto, na kiti kimoja cha wateja ambacho mguu wake mmoja nimeufunga kwa kamba.

Halafu kuna daftari langu.

Lina jalada gumu la bluu, limeshashonwa mgongo mara mbili. Kila mteja ana ukurasa wake. Juu jina na namba ya simu, chini bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Mteja akinenepa, sifuti. Naandika pembeni. Kuna watu nimewapima wakiwa wari, nikawapima na mimba, nikawapima wakiwa bibi harusi wa pili. Waliokufa pia wamo, sikuchana ukurasa wa mtu.

Na siri za miili yao nazijua. Huyo Muuguzi, kwa mfano, bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Miaka ishirini namfichia kwa sponji nyembamba ndani ya sare, hakuna anayejua, hata mumewe.

Siku hiyo pale zahanati, sare ilikuwa mpya, na bega lilikuwa limelala kama paa lililoliwa na mchwa.

Nikajua keshashonewa kwingine. Lo! Iliniuma kuliko ile pole.

"Nionyeshe hayo niliyoandika," nikamwambia.

Akatoa simu. Nikavaa miwani.

"Wateja wangu wapendwa, mikono yangu imeanza kutetemeka. Nimepumzika kushona. Naomba msinipigie kuniuliza, nitasikia uchungu. Asanteni kwa miaka yote."

Juu yake... namba yangu! Yangu mimi, niliyoizoea kama jina langu.

Nikakaa kwenye benchi, karibu nimkalie mzee wa watu.

Miezi mitatu wateja walikuwa wamekauka kama kisima. Nilikuwa najiuliza usiku na mchana, nimeharibu nguo ya nani? Nimemjibu nani vibaya? Mwisho nikampata mchawi wangu: yule fundi wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Kola kwa sababu kola zake hazina mpinzani. Niliwaona wateja wangu kwa macho yangu wakitoka kwake na mifuko. Nikaacha kumsalimia.

Lakini Kola hajawahi kushika simu yangu.

"Muuguzi mwanangu, hii ilikuja lini?"

Akasogeza kidole. "Jumapili. Mwezi ule wa mvua kubwa, mwanzoni."

Jumapili...

Nikakumbuka.

Jumapili ile binti yangu alikuja kuniona. Binti yangu wa pekee, anafanya kazi ofisini, ndiye katibu wa mkuu wao. Alilishika daftari langu, akalipindua, akasema, "Mama, hili limechakaa. Likilowa je? Nipe na simu, nikuhifadhie namba zote humo."

Nikampa. Kwa mikono miwili nikampa! Nikamwongezea na chai.

"Bibi, mbona unalia?" akauliza mjukuu mkubwa. Huyu ana miaka minne, tunamwita Madamu maana anakagua kila kitu. Yule wa mgongoni ni Kibonge.

"Vumbi, mjukuu wangu."

"Hapa hakuna vumbi. Wamepiga deki."

Basi tulipotoka kwa daktari nikarudi nyumbani kwa mguu. Nilipofika mtaani kwetu, nikavuka barabara kwenda kwa Kola. Alikuwa anapiga pasi. Akainua macho, akaiacha pasi hewani.

"Leo kumekucha! Dada umenikumbuka?"

"Kaka, wateja wangu walikuambia nini?"

"Walinionyesha meseji yako. Nikawaonea huruma, nikawashonea."

"Na wewe hukuvuka barabara hata kuniuliza?"

"Nivuke vipi dada, na wewe ukiniona unageuza shingo kama nimekuibia kuku? Nikasema labda ni uchungu wa ugonjwa. Na nikichungulia nakuona una mtoto mgongoni, cherehani imefunikwa. Nikaamini."

Alisema kweli. Cherehani ilikuwa imefunikwa.

Sasa hapo, wanangu, nami niseme ukweli wote. Yaya wa binti yangu aliondoka, binti akaniletea watoto. "Mama, wiki mbili tu." Nikasema hamna shida. Wiki mbili zikawa mwezi. Hamna shida. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ananiachia mlangoni, jioni anawachukua huku anaongea na simu. Jumamosi nayo, mkuu wake ana kikao. Hamna shida, mwanangu, hamna shida.

Mimi nashona, Kibonge anatambaa chini ya meza. Mteja anapimwa, Madamu anamwambia, "Tumbo lako kubwa, bibi andika." Siku moja Kibonge akakutwa na kifungo mdomoni. Tulikitoa salama. Lakini mama yake alikuwa ndiyo anaingia, alikiona kwa macho yake.

Jumapili iliyofuata ndiyo akaja kuhifadhi namba.

Nikafika ndani. Nikavua kitambaa kilichofunika cherehani, nikafuta vumbi, nikatia mafuta. Nikamngoja.

Saa kumi na moja akaingia, viatu mkononi, simu sikioni.

"Ndiyo mkuu... naituma sasa hivi mkuu... hapana mkuu, wala si usumbufu."

Akakata.

"Shikamoo mama. Daktari kasemaje?"

"Marahaba. Kasema mafua tu. Kaa hapo kwenye kiti cha wateja."

"Nina haraka mama, mkuu anasubiri ile..."

"Kaa."

Akakaa. Nikachukua sindano nyembamba kuliko zote nilizonazo, na uzi mweusi. Nikaiinua mbele ya uso wake. Nikapitisha uzi.

Mara moja! Sikulamba hata ncha.

"Umeona?"

"Nimeona nini mama?"

"Nionyeshe mkono unaotetemeka. Ni wa kulia au wa kushoto?"

Uso wake ukabadilika. Akafungua mkoba, akaufunga. Akaufungua tena.

Madamu akamtazama, akatangaza kwa sauti, "Bibi hatetemeki. Mama ndiye anatetemeka!"

"Nani kakuambia?" akauliza binti yangu, taratibu.

"Muuguzi. Mbele ya foleni nzima. Amenipa pole ya mikono yangu mwenyewe."

"Mama, naomba nikueleze..."

"Eleza."

"Niliomba likizo nikanyimwa. Mkuu aliniuliza, kwani nyumbani huna mtu? Nikasema ninaye mama. Halafu nikaja nikakuta mwanangu ana kifungo mdomoni! Ningefanyaje? Niache kazi?"

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia! Nilikuuliza kama nikuletee kila siku, ukasema hamna shida. Nikakuuliza kama wanakuchosha, hamna shida. Wewe mama hata nyumba ikiungua utasema hamna shida!"

Hapo alinigusa. Lakini sikumpa nafasi.

"Ungeniambia niache kushona."

"Ungeacha?"

"Nisingeacha!"

"Basi, ndiyo maana."

Ndiyo maana! Jamani, mtu anakutungia ugonjwa, anauandika kwa namba yako, anafuta meseji usiione, halafu anakuletea watoto asubuhi na kukuamkia shikamoo. Miezi mitatu! Miezi mitatu ananiona nimekaa mlangoni nangoja mteja, ananiuliza, "Mama, mbona siku hizi umenyamaza?"

Nikamwambia, "Umenizika mzima. Hata matanga nimejilia mwenyewe."

Akainuka kwa hasira. Akaenda kwa Kibonge badala ya kwenda mlangoni. Akambeba. Kisha akageuka, macho yamejaa.

"Mama, unajua siku ile nililisoma daftari lako lote?"

"Najua. Ndivyo ulivyopata namba."

"Sikuwa natafuta namba tu. Nilikuwa nautafuta ukurasa wangu."

Nikaiweka sindano mezani.

"Yupo mke wa fundi baiskeli. Yupo yule mama aliyehama kabla sijaanza shule. Wafu wapo! Mimi sipo. Miaka yote hii, mama, mimi sipo."

"Wewe mwanangu, nikupime wa nini, nilikuwa nakukadiria kwa macho tu..."

"Kwa mabaki! Nguo zangu zote zilikuwa za mabaki ya vitambaa vya watu. Huo mlango," akanyoosha kidole, "nilikuwa nakaa nje yake kila nikitoka shule. Nagonga. Unasema, ngoja nimalizie hii kola. Nilikuwa nasinzia pale kizingitini na begi mgongoni. Nauchukia huo mlango mama. Nilipotuma ile meseji... nilisikia raha."

Akaondoka. Madamu akasahau kiatu kimoja.

Nilikaa na kile kiatu mapajani mpaka giza likaingia.

Nisiwadanganye, sikumsamehe siku hiyo. Wala kesho yake. Mtu anaweza kuwa na kidonda cha kweli na bado kisu alichokuchoma nacho kikawa kisu. Yote mawili ni kweli, hakuna linalolifuta jingine.

Asubuhi alipokuja na watoto, nilikuwa nimesimama kizingitini.

"Leo sikatai wajukuu," nikamwambia. "Nakataa kuwa yaya usiyemuuliza. Nataka mambo mawili. La kwanza, waandikie wateja wangu wote, kwa namba yako na jina lako, kwamba mikono yangu ni mizima na wewe ndiye uliyesema uongo. La pili, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa huu mlango ni wa kazi. Saa tisa ikigonga, ni wa wajukuu, hata aje mteja wa ikulu."

Wanangu, sauti ilinitetemeka. Ndiyo kitu pekee kilichotetemeka.

"Na mimi nitamwambia nini mkuu?"

"Mwambie nyumbani una mama, na mama yako ana kazi."

Aliandika. Ilimchukua siku nne, lakini aliandika. Watoto wakaenda chekechea ya mtaa wa pili, inayopokea hata wadogo kama Kibonge, saa tisa wanarudi kwangu, na huyo mkuu alipofoka, binti yangu alimwambia saa kumi na moja simu anazima. Mkuu akanuna wiki nzima. Hakumfukuza.

Muuguzi alirudi wa kwanza, nikamfumulia bega la sare nikamwekea sponji yake. Kola nilimwomba radhi, naye akanirudishia vitambaa vinne alivyokuwa hajavikata. Wengine hawakurudi mpaka leo. Walishazoea kwingine, na kuna mmoja nasikia bado ananiombea nipone.

Funzo langu si refu. Ukisema "hamna shida" kila siku, usishangae siku watu wakikuamini. Na wewe mwenye kazi ya nyumbani, funga mlango wako bila aibu, lakini mtoto aliyekaa nje umwambie utafunguliwa saa ngapi. Mimi wangu sikumwambia. Alingoja miaka thelathini.

Karibu mwezi mzima alikuwa anakuja saa kumi na moja na nusu kamili, anawachukua watoto, shikamoo, marahaba, basi. Maneno mengine hatuna.

Mpaka Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, mlango umefungwa, nashona pindo la gauni la mtu. Nikasikia mtu anagonga. Taratibu, mara tatu, kama mtoto.

"Nani?"

"Mteja."

Sauti naijua. Mguu wangu ukasimama juu ya cherehani.

Nikafungua. Binti yangu amesimama kizingitini, hana simu mkononi, hana watoto. Ana kitambaa kipya, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani.

Nikachukua futi kamba, nikaivaa shingoni. Nikafungua daftari kwenye ukurasa mweupe.

"Karibu. Unataka nini?"

Akanikabidhi kitambaa.

"Nataka unipime, mama."