Aliyefutwa Mlangoni

Jioni hiyo watu walikuwa wakimiminika kutoka makazini, na mpiga picha alikuwa ameisimamisha kamera yake ya miguu mitatu katikati ya njia yao. Alivaa koti la kijivu lenye mifuko kila upande na kilemba cheusi. Walimpiga vikumbo, yeye hakubanduka. Mbingu zilifunga mawingu, na hivyo ndivyo alivyotaka. Kampuni ya kutengeneza mabango ya taa ilimtuma apige picha za maduka kwa ajili ya kalenda, na maduka hayang'ai vizuri kama jioni ya mawingu, kabla giza halijakolea.

Tatizo lilikuwa mwanamume aliyesimama mlangoni, chini ya bango la buluu la dobi.

"Kaka, samahani, sogea kidogo. Unaniharibia picha."

"Nisogee niende wapi, dada? Duka ni langu."

"Kumbe wewe ndiye dobi?" Alilitazama shati lake, limekunjamana kama limetafunwa. "Ama kweli kinyozi hajinyoi!"

Dobi akacheka mpaka wapita njia wakageuka. "Basi mpige kinyozi hivyo hivyo alivyo."

Akampiga.

Tangu hapo, wingu likitanda, mpiga picha alijikuta mtaa ule. Dobi akambandika jina: Bibi Mawingu. "Wenzako wakiona wingu wanaanua nguo," alimtania, "wewe ndiyo kwanza unatoka." Walikunywa chai nyuma ya kaunta, katikati ya mvuke wa pasi na harufu ya sabuni. Akirudi chumbani kwake, simu ya dobi ilikuwa ikimsubiri.

"Umefika, laazizi?"

"Nimefika."

"Uko na nani?"

"Mimi na birika."

Dobi alicheka. Mpiga picha hakuwa akitania. Miaka mingi alikuwa akiwapiga picha watu wanaofunga maduka kuwahi kwao, kisha yeye akirudi kupapasa ukuta kutafuta swichi. Alikuwa ameuzoea upweke kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Siku ya kukabidhi kazi, tajiri wa mabango alikunja uso. "Mimi nauza mabango, siuzi watu. Watoe wote."

Mpiga picha akaketi kwenye kompyuta akawafuta, mmoja mmoja. Dobi alimwacha wa mwisho, kisha akamfuta naye. Kumwambia hakumwambia. Kila alipotaka kusema, dobi alikuwa akimmiminia chai, naye akainywa.

Kalenda ikatoka, ikasambazwa madukani. Jioni ile simu ililia mapema.

"Nilimwita shangazi aje anione kwenye kalenda," dobi alisema taratibu. "Nilimwambia aliyenipiga picha ndiye nitakayemleta nyumbani. Akavaa miwani, akatafuta weee, akaniuliza, 'Mwanangu, uko wapi?'"

"Tajiri ndiye aliyetaka..."

"Najua kazi ni kazi. Lakini ulijua, na chai yangu ukaendelea kuinywa."

Hapo angesema samahani, yakaisha. Badala yake aibu ikamtoa maneno mengine: "Ni picha tu, jamani."

"Haya. Na mimi ni dobi tu." Simu ikakatika.

Mawingu yakaja na kwenda. Mpiga picha akawa anazunguka mitaa mingine, na simu yake ikawa kimya kama jiwe. Alimwandikia ujumbe, akaufuta. Dada yake alipompigia, sauti ilimsaliti, akamweleza yote.

"Mdogo wangu, samahani ya kweli haitumwi," dada alimwambia. "Hupelekwa kwa miguu."

Akaenda jioni iliyofuata, wingu zito limetanda. Alipoingia mtaa ule umeme ukakatika, mabango yote yakazimika kwa mpigo. Watu wakaguna, milango ya mabati ikaanza kushushwa. Dobi alikuwa mlangoni anakunja shuka penye mwanga uliosalia.

"Hakuna taa leo," alisema bila kuinua macho. "Utapiga nini?"

"Sikuja kupiga picha. Nimekuja kuomba radhi. Nilikuficha, tena nikakudharau. Nisamehe."

"Nani huyo?" sauti ya kizee iliuliza kutoka ndani.

"Mpiga picha, shangazi."

"Yule aliyekufuta?"

"Ndiye mimi, shangazi," alijibu mwenyewe. "Shikamoo."

Polepole shangazi akaitikia, "Marahaba. Hebu ingia, mvua hiyo inakuja."

Dobi akamtupia ncha mbili za shuka. Wakalivuta, wakalikunja, wakasogeleana. Wakalikunja tena. Vidole vyao vilipokutana, dobi hakulichukua shuka.

"Kila jioni nilikuwa naiangalia simu," alisema kwa sauti ya chini. "Nimechoka kukuuliza uko na nani, Bibi Mawingu. Nataka nijue mwenyewe kwamba uko na mimi."

Alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. Akatikisa kichwa kukubali, akahofia giza limemficha, ndipo akasema, "Niko na wewe."

"Nyie!" shangazi akaita. "Hilo shuka moja mnalikunja mpaka lini?"