Mchora Mabango na Bima Iliyobadili Jina

Asubuhi ile mjane wa mchora mabango aliwamiminia watoto chai. Mtu wa kununua nyumba alikuwa chumbani na futi kamba, anapima, na watoto wamo humohumo wanavaa sare.

Tangu mumewe aanguke kutoka kwenye ngazi kazini na kufariki, walikuwa wakilishwa na shemeji yake. Si mtu mbaya, jamani, lakini naye ana watoto wake. Alikuwa ameishiwa. Akasema mnunuzi atarudi mchana, mjane asaini, yaishe.

Mjane akaenda kulia uani. Jirani yao, wakala wa bima waliyemwita Mama Mkoba, alikuwa akianika nguo. Akamuuliza kama marehemu hakuwa na bima ya maisha. Mjane akajibu kwamba alikuwa nayo, ila kampuni ilikufa. Marehemu mwenyewe ndiye aliyepewa kazi ya kufuta jina la kampuni hiyo ukutani na kuchora jipya. Alirudi nyumbani akitania kwamba ameizika kampuni yake.

Mama Mkoba akaacha nguo. "Mshahara wake ulikuwa bado unakatwa?"

"Mpaka mwezi aliofariki. Alinung'unika, eti anakatwa pesa na wenye kampuni wapya asiowajua."

"Basi bima iko hai, mdogo wangu. Usisaini kitu."

Akamweleza. Kampuni ile ilianzishwa na wafanyakazi wa viwanda wa mkoa wao, waliochoka kupitisha bakuli kila mwenzao akifa. Ikakua, kisha kampuni kubwa ikainunua. Anayenunua kampuni ya bima huzichukua na ahadi zake. Jina hubadilika, mkataba hubaki, mradi michango inalipwa.

Wakabeba mkataba, cheti cha kifo na kitambulisho, wakaenda ofisini kwa kampuni hiyo kubwa. Foleni haisogei. Mchana ukaingia. Mjane roho ilikuwa juu: mnunuzi akiondoka na bima isiwepo, watoto watakula nini? Mara mbili aliinuka aondoke, Mama Mkoba akamshika kanga.

Hatimaye karani akasoma, akasema bima ni halali na aliyeandikwa kulipwa ni yeye mjane.

Nyumbani alimkuta mnunuzi ameshika kalamu.

"Nyumba haiuzwi," alisema.

Shemeji akafoka kwamba anachezea maisha ya watoto. Mjane hakusaini. Wiki zile za kungoja zilikuwa ngumu, nisikudanganye. Kisha kampuni ikalipa. Watoto wakabaki chumbani mwao, na mjane akafungua duka la rangi.

Naye akajikatia bima. Jioni hiyohiyo akawakalisha watoto, akawaambia jina la kampuni, jina lake la zamani, na mkataba ulipo. Shemeji naye alikuwepo, akasikiliza.

Kitinda mimba akaanza kulia. "Mama, na wewe unakufa?"

Akampakata. "Sifi leo. Baba yenu haya aliyafanya mzaha, nusura tulale nje. Mimi nawaambia nikiwa mzima. Haya, rudia jina la kampuni."

Mtoto akafuta machozi, akalirudia.